Kinyozi wa Kwetu

Mume wangu ni kinyozi, na kama amewahi kukunyoa, basi bila shaka unaamini ni mtu wa kwenu. Usijione mjinga, hauko peke yako. Nusu ya wanaume wa mtaa huu wanaamini hivyo hivyo, na wametoka kila pembe ya nchi.

Mimi ni mshonaji. Duka letu ni chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ubao wa plaiwudi. Mbele yuko yeye na kiti chake cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni na redio isiyojua kulala. Nyuma niko mimi na cherehani, rundo la sare za shule na magauni ya watu wasiojua kusubiri. Ubao ule hauzuii kitu. Mteja akikohoa, nasikia. Akimwaga siri, naipata mimi kabla ya kinyozi. Kwa hiyo haya ninayokueleza sikuhadithiwa, nimeyasikia mwenyewe, pini zikiwa mdomoni.

Anaingia mtu wa milimani, wale wanaovuta maneno taratibu utadhani wanapanda ngazi na mzigo. Kabla hajakaa sawasawa, mume wangu naye ameshaanza kuvuta. Anamuuliza baridi ya huko juu, anatumia yale maneno yao ambayo hapa mjini ukiyatamka watu wanageuka kukutazama. Huyo akitoka anaingia mtu wa bondeni, na wao wanasema mbio mbio na kuipandisha sauti mwishoni kana kwamba wanauliza, hata wanapokutajia jina lao. Basi mume wangu naye mbio, naye juu. Mashine bado ina nywele za yule wa kwanza, yeye ameshakuwa mtu mwingine.

Wala hafanyi kwa dhihaka, hilo ulijue mapema. Wateja wananogewa mpaka wanasinzia kitini. Wakitoka wanawaambia wenzao, nendeni pale kwenye duka la kona, yule kinyozi ni wa kwetu.

Aliyekuwa hapendi ni fundi viatu wa jirani. Alimwita kigeugeu, alimwita ndumilakuwili, na siku moja alimwambia mbele ya watu kwamba mwenye ndimi saba hawezi kuwa na moyo mmoja. Mume wangu alicheka, lakini siku hiyo hakugusa chakula. Mimi nilishika mkasi mkubwa nikataka kwenda kuzungumza na fundi viatu kwa kirefu. Akanishika mkono, akasema ugomvi wa majirani haufungi duka la mtu mmoja, unafunga mawili.

Aliyemtibu ni binti yetu. Tulimpa jina la Sindano tangu mdogo, kwa wembamba wake na kwa maneno yake ya kuchoma, ambayo watu husema kayarithi kwangu. Ndiyo maana sisi tunaitwa Baba Sindano na Mama Sindano. Wakati huo alikuwa chuo cha ualimu, amekuja likizo. Akamkuta baba yake mnyonge, akauliza, akaambiwa. Akacheka sana mtoto yule. Akasema fundi viatu hajui hata anachokilaumu. Kitu hicho kina jina lake, kinaitwa lahaja.

Baba yake akataka aelezwe polepole. Sindano akakaa kwenye kiti cha wateja, akajizungusha, akaeleza. Lugha ni moja, lakini kila mahali ina sura yake: maneno yake, mpangilio wake, na ule mvuto wa sauti ambao wenyewe huuita lafudhi. Lafudhi ni sauti tu. Lahaja ni mwili mzima. Na hakuna mtu asiye nayo. Anayesema yeye hana lahaja, alisema, ni kwamba hajawahi kutoka kwao akasikia watu wakimcheka. Mimi nikauliza basi iliyo sahihi ni ipi. Akasema hata hiyo ya vitabuni ilikuwa lahaja ya watu fulani, ikachaguliwa, ikapigwa pasi, ikavalishwa sare. Hapo nilimwelewa, maana sare nazijua.

Loo, nilijuta kwa nini lile neno liliingia nyumbani. Mume wangu alilishika kama mtoto aliyepewa filimbi. Mkasi ukikataa kukata, anasema una lahaja yake. Mchuzi wangu ukizidi chumvi, ati ni lahaja ya jikoni. Sindano akamkemea: lahaja ni ya lugha, baba, si ya sufuria. Hakusikia. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, na fundi viatu alipomwita tena kigeugeu alimjibu kwa heshima kabisa kwamba yeye ni msemaji wa lahaja nyingi, na kama naye anataka kunyolewa kwa ya kwao, karibu. Jirani akarudi kwenye viatu vyake.

Mambo yalikuwa shwari mpaka Sindano alipopata mchumba.

Kijana ni fundi umeme. Alikuja kututengenezea taa ya dukani akakaa kuliko taa ilivyohitaji. Akaja tena kuangalia swichi. Akaja tena kuangalia kama swichi inaendelea vizuri. Mimi si kipofu. Nikamwambia kijana, swichi zetu zimepona, sasa sema shida yako. Akasema. Ni kijana mwenye adabu, mchapakazi, na Sindano akimtazama hata ukali unamtoka. Nilimpenda, nini cha kuficha.

Wazazi wake walifariki akiwa mdogo. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, na wanaume wawili ndio waliosimama mahali pa baba: baba yake mkubwa, ambaye ni mtu wa milimani kama bibi, na mjomba wake, ambaye ni wa bondeni kwa upande wa mama. Sasa bibi huyo alikuwa na jambo moja tu. Binti yake, yaani shangazi wa kijana, aliwahi kuolewa na mtu aliyesema kwao ni mahali fulani, na siku shida ilipotokea, watu wakaenda huko, hapakuwa na anayemjua. Shangazi alirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Tangu hapo bibi alisema: mtu akikudanganya kwao ni wapi, yote mengine ni uongo. Familia isiyojulikana ilikotoka, mjukuu wake hataoa humo.

Kijana alikuja kutueleza hayo akiwa anatabasamu. Akasema tusiwe na wasiwasi hata kidogo, bibi ameshatulia. Baba mkubwa amemthibitishia kwamba kinyozi anamjua, ni mtu wa milimani kabisa, damu yao. Na mjomba naye amesema vivyo hivyo kwamba anatujua, sema yeye hakuwa na muda wa kueleza zaidi. Wote wawili wananyolewa kwetu.

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama dari.

Kijana alipoondoka nilifunga mlango. Nikamuuliza: uliwaambia wewe ni wa kwao? Akaapa hajawahi. Wao ndio husema "wewe ni wa kwetu," naye hucheka tu. Kucheka si kusema ndiyo, akasema. Nikamwambia kwa mteja aliyekaa na wembe shingoni, kicheko ni ndiyo na muhuri juu yake. Njia ya mwongo ni fupi, na hata asiyedanganya akinyamaza anaipita hiyo hiyo. Nilisema mengi siku hiyo. Sindano alikaa kwenye rundo la sare, anachomoa uzi mmoja mmoja kwenye pindo ambalo nilikuwa nimeshalimaliza. Nilimwona, nikashindwa hata kumgombeza.

Na mimi, ndani kwa ndani, kulikuwa na kingine kilichokuwa kinanikereketa. Mimi ni mzaliwa wa mji huu. Mume wangu alikuja kupanga chumba hiki cha mbele kwa baba yangu, ndipo tukajuana. Nilijua kwamba baba yake alifanya kazi za barabara na kwamba walihamahama. Zaidi ya hapo hakupenda kusema, nami sikuchimba. Sasa nikajiuliza: huyu anayemsemesha kila mtu kwa lahaja ya kwao, mimi ananisemesha kwa ipi? Isije ikawa miaka yote hii na mimi nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Siku ya wageni ikafika. Walikuja alasiri, tukawakaribisha nyumbani, sebule yetu ndogo, viti vingine tumeazima kwa fundi viatu, mpendane msipendane jirani ni jirani. Bibi alikaa katikati, mwanamke mfupi mwenye macho ya kupima. Baba mkubwa kulia, mjomba kushoto, kijana karibu na mlango.

Mume wangu aligeuka bubu. Nakuambia kweli, mtu ambaye mdomo wake ndio uliotulisha, siku ile alikuwa anaitikia kwa kichwa. Angefanyaje? Akivuta, mjomba atashangaa. Akikimbiza, baba mkubwa atashangaa. Baba mkubwa akamuuliza habari za kazi. Akainua kidole gumba. Mjomba akamtania kuhusu mvi. Akacheka bila sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa niaba ya watu wawili, na jasho linanitiririka mgongoni. Sindano alimimina chai.

Ikawa baba mkubwa ndiye aliyevunja chungu, tena kwa nia njema. Akamwambia bibi, umeona mama, watu wetu wa milimani walivyo, mbele ya wakubwa hawana maneno mengi.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Wa milimani nani?" akasema. "Huyu ni wa bondeni. Huyu ni wetu."

Wakatazamana. Baba mkubwa akasema hapana, ananyolewa naye siku nyingi, wamezungumza mpaka majina ya vilima. Mjomba akasema yeye wamezungumza mpaka majina ya mito. Kisha wote wawili wakageuka taratibu wakamtazama mume wangu, na bibi naye akamtazama. Sindano akasimama palepale na chai mkononi. Kijana akainamisha kichwa. Niliona ndoa ya mwanangu inatoka nje kwa miguu yake.

Bibi akasema, "Baba, kwenu ni wapi?"

Mume wangu akaanza kuvuta kama wa milimani, akaacha. Akaanza kukimbiza kama wa bondeni, akaacha. Akajifuta uso kwa kiganja. Halafu akageuka akanitazama mimi, na akiwa ananitazama mimi ndipo akasema.

Alisema hana kwao. Baba yake alikuwa mpasua mawe wa barabara, wakaishi kwenye mahema ya kambi. Barabara ikiisha, kambi inahama. Kila alikofika alianza shule upya, na kila shule watoto walimcheka anavyosema. Mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya darasa arudie neno moja mpaka wanafunzi walipochoka kucheka. Akajifunza njia: ukifika, nyamaza kwanza, sikiliza, halafu sema kama wao. Hakufanya hivyo ili amdanganye mtu. Alitaka wa kucheza naye. Mpaka leo mtu akikaa kitini, maneno yanakuja yenyewe, yeye hayaiti. Na wanapomwambia "wewe ni wa kwetu," alisema, anashindwa kukataa, kwa sababu hakuna kitu kitamu duniani kama kuambiwa hivyo.

Hayo sikuwahi kuyasikia. Mwanamume niliyemzalia mtoto, nilikuwa nayasikia pamoja na wageni.

Baba mkubwa alikunja uso. Akasema mwacha asili ni mtumwa. Mjomba naye alikuwa ameumia, unaona kabisa mtu aliyeibiwa ndugu. Bibi hakuwajali. Aligeuza kiti, akaniangalia mimi.

"Mama," akasema, "wewe umekaa naye. Huyu mtu unamjua? Au na wewe ni mteja?"

Lo, mkuki ulinipata palepale penye kidonda. Nilijua nikisita hata kidogo mwanangu ameachwa. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini.

"Namjua," nikasema. "Hapo alipokuwa anawaeleza habari za kambi, bibi, mmesikia alivyosema? Hiyo si ya milimani, wala si ya bondeni, wala si ya hapa mjini kwetu. Anavuta kidogo mwanzoni, halafu anakimbia, na katikati anatia maneno ambayo hamtayapata popote. Hivyo ndivyo anavyosema nyumbani. Akijikata kidole anasema hivyo. Alipokuwa na homa, hajui hata yuko wapi, alisema hivyo hivyo. Binti yake alipozaliwa nesi alimwuliza kama amefurahi, akamjibu kwa hiyo, na nesi hakuelewa hata neno moja. Kwenye kiti chake anasema ya watu. Akivua koti la kazi anasema ya kwake."

Nilipoanza sikuwa najua kama ni kweli. Kadiri nilivyokuwa nasema ndivyo nilivyokuwa naona kwamba ni kweli, tena kweli tupu, na machozi yakanitoka mbele ya watu ambao hata sijawazoea.

Bibi akauliza hayo maneno yasiyopatikana popote ni kama yapi. Sindano ndiye aliyejibu, sauti imemrudia. Akasema cherehani humu ndani inaitwa tititi, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa anajifunza kusema aliiita hivyo na hakuna aliyemrekebisha. Chupa ya chai inaitwa fwaa, kwa sauti inayotoa ukiifungua. Nywele zikijaa sakafuni dukani, husema mvua imenyesha. Baba alileta mengine ya kambini, mama akaleta ya mjini, yakapikwa pamoja. Akasema, "Hiyo ni lahaja, bibi. Ndiyo ya kwao baba."

"Lahaja ndiyo nini?"

Akamweleza kama alivyotueleza sisi: lugha ni moja, lakini kila mahali ina sura yake. Bibi akauliza kama mahali panaweza kuwa nyumba moja tu, yenye watu watatu. Sindano hakudanganya. Akasema walimu wake wangebisha, wangetaka watu wengi zaidi. Lakini yeye habishi.

Bibi alimpima Sindano kwa macho. Kisha akamgeukia mjukuu wake pale mlangoni, akamtazama mpaka kijana akaanza kujikuna shingo.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Juzi huyu mtoto ananiambia, bibi, nisogezee fwaa. Nikasema ameanza kuvuta vitu. Nimekaa siku nzima namnusa nguo."

Mjomba ndiye aliyecheka wa kwanza. Kijana alitamani sakafu immeze. Alisema neno limemponyoka tu, amelizoea huku. Bibi akasema siyo watatu tena basi, ni wanne, na mtu aliyekwisha kunyang'anywa mjukuu mdomoni atamzuia kwa nini miguuni. Akasema yule aliyemdanganya binti yake alikuwa na kwao akapaficha. Huyu hakuwa na kwao, akapajenga. Si kitu kimoja. Kisha akamwambia baba mkubwa akunjue uso, chai inapoa.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu kijana alipotengeneza swichi. Sindano aliweka chai mezani, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa amenawa uso. Wale wazee wawili wakaanza kubishana ni nani kati yao atakayebaki na haki ya kumwita kinyozi wa kwetu. Mume wangu akawaambia, kwa ile sauti ya nyumbani, kwamba waje wote siku moja, waone atamnyoa nani kwa maneno ya nani. Alikuwa amelowa jasho shati zima, na anacheka kwa sauti.

Walipoondoka tulibaki tunaosha vikombe, yeye anasuuza mimi nakausha. Sikuweza kuvumilia tena. Nikamuuliza waziwazi: tangu tujuane, umewahi kunisemesha mimi kama mteja? Nikamwambia asicheke, kicheko chake nimeshakijua.

Akafikiri kweli. Akasema alijaribu. Siku ile ya kwanza kabisa, nywele zilipopeperuka zikaingia kwenye gauni la bibi harusi nililokuwa nashona, nikamtokea mbele na mkasi mkononi, alitaka kunijibu kwa lahaja ya mjini kama ya baba yangu. Alikuwa ameshaandaa sentensi.

"Ikawaje?" nikauliza.

"Hukuniacha niseme," akasema. "Ulikuwa unanigombeza haraka mno, nikajibu nilivyojaliwa. Na mpaka leo hujanipa nafasi ya kuiga."

Nilimrushia kitambaa cha vikombe. Halafu nikakaa chini palepale jikoni, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.